Maji ya Mwinyimvua

Je, wewe umewahi kukaa nyumba moja na mtu ambaye hujamtia machoni hata siku moja, ukafagia chumba chake, ukatandika kitanda chake, ukashusha sauti ukipita mlangoni pake usije ukamwamsha? Azza alikaa hivyo. Tangu apate akili zake alikaa na baba yake, Mwinyimvua, na huyo baba hakuwamo.

Nyumba ilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni. Nyumba ya miti na udongo, imepakwa chokaa kwa mbele tu, paa lake nusu makuti na nusu madebe yaliyopasuliwa na kunyoshwa, kwa kuwa mwaka mmoja makuti yaliadimika na madebe yakapatikana. Ukivuka kizingiti unaingia ukumbini. Vyumba viko kulia na kushoto, na mwisho kabisa uani, penye jiko na mpapai. Chumba cha kwanza mkono wa kulia, chenye dirisha la kutazama barabarani, chumba ambacho mwenye nyumba mwingine angekipangisha kabla jua halijachwa, hicho kilikuwa cha Mwinyimvua. Mlikuwa na kitanda cha kamba, mkeka uliobadilishwa kila Ramadhani ikikaribia, kanzu moja msumarini, na chini ya kanzu jozi ya makubadhi. Waridi, mama yake Azza, aliyapaka makubadhi hayo mafuta ya nazi kila Ijumaa yasikakamae. Vidole vya makubadhi vilielekea ndani, kama ya mtu aliyeingia, si ya mtu anayetoka. Azza akifagia akayageuza kwa bahati mbaya, basi mama yake atanuna hadi wakati wa kulala.

Na jioni, adhana ya magharibi ikilia, Waridi alijaza maji kopo la bati, lile la bluu lililobanduka rangi mdomoni, akaliweka kwenye kizingiti cha chumba hicho na kulifunika kawa.

"Mtu wa safari ndefu akifika haulizi chakula," alisema. "Anauliza maji."

Alfajiri alifunua kawa na kutazama. Azza alipokuwa bado mtoto wa kumfikia mama yake kiunoni, aliuona uso ule unavyoanguka maji yakikutwa yamejaa kama yalivyowekwa. Siku moja akaamka kwanza, akamwaga kidogo shinani mwa mpapai, akarudi kulala. Mama yake alipofunua kawa alisimama pale muda, kisha akaimba mchana kutwa huku anatwanga. Tangu siku ile Azza hakuacha. Mpapai ule ulikuwa mnene kuliko mipapai yote ya mtaa.

Mwinyimvua alikuwa amekwenda wapi? Mji mzima ulijua. Wakati wa ile vita kubwa, Waingereza walipokwisha kuushika mji, walitafuta watu wa kubeba mizigo kuwafuata Wajerumani kusini. Mwinyimvua na mdogo wake Seifu walichukuliwa pamoja, wakalazwa kambini, ndani ya lile jengo kubwa ambalo baadaye likafanywa soko. Asubuhi wakatoka safu moja, mizigo kichwani. Waridi, mimba ya Azza tumboni, alikimbilia barabarani akamwona mumewe kwa mgongo tu.

Seifu alirudi, peke yake, amekonda mpaka hajulikani. Akasema maneno matatu, wala hakuyazidisha hadi leo: "Nilimwacha yu hai." Homa ilikuwa imemwangusha kaka yake kando ya njia, upande wa Rufiji. Seifu akaamriwa kuubeba mzigo wa kaka yake juu ya wake, asigeuke. Alimwacha anapumua.

Basi kwa neno hilo hapakuwekwa matanga. Haikusomwa hitima. Waridi hakukaa eda. Mtu anayepumua haliliwi. Majirani wakipita barazani hawakumsalimu kama wengine, walimwuliza, "Mama Azza, hajafika?" Naye akajibu, "Bado, yuko njiani," kwa sauti ile ile unayomwambia mtu kuwa uji bado uko jikoni.

Na jambo jingine mtaa ulilijua. Waridi hakukosa msiba. Afiwe mtu Gerezani, afiwe mtu Ilala, amjue asimjue, Waridi alijitanda kanga akaenda, akaketi katikati ya wanawake na kulia kwa sauti iliyowapita wenye maiti. Wengine walicheka pembeni. "Huyu naye kafiwa na nani?" Azza, aliyekaa karibu naye, aliona aibu. Aliona pia kwamba mama yake hakuondoka haraka. Alibaki pale mlangoni huku wanawake wanapita mmoja mmoja wakimwinamia mfiwa, pole, pole mwenzetu, pole sana, naye anawasikiliza kama mtu anayesikiliza ngoma.

*

Mwaka huo, wa thelathini na nne, Azza alikuwa mwari wa miaka kumi na saba. Alisoma shule ya wasichana hadi darasa la nne, kisha alipovunja ungo akawekwa ndani kama desturi, na shule ikaishia hapo. Kazi yake ikawa vitumbua: kuroweka mchele, kutwanga, kuumua, kukaanga, na kumfuata mama yake sokoni alfajiri na buibui lake.

Wanawake wa soko walikuwa na ada yao. Hakuna aliyetua tenga chini ya paa lile kabla ya kupambazuka bila kusema kwanza, "Hodi, wenyewe." Wenyewe ni wale waliolala mle wakati wa vita, wakatoka na mizigo, na wengi wasirudi. Mtu akisahau kubisha, walisema, atasikia nyuma yake mzigo unatuliwa, puu, halafu mwingine, puu, na akigeuka hapana mtu. Azza alikwisha kuusikia. Si mara moja. Waridi yeye aliketi makusudi mahali pale pale ilipokuwa safu, upande wa Msimbazi, kwa sababu mumewe akirudi atarudi alikotokea.

Asubuhi moja Mwalimu Clotilda akaja na mwavuli wake. Alikuwa mtu wa Bonde, Mkristo, mwembamba, aliyemfundisha Azza kusoma na kushona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mama Azza, hujambo?"

"Sijambo. Vya moto hivi. Au misheni leo mnafunga?"

"Leo tunakula. Nipe vitatu, na nisikilize nikivila, maana mdomo ukiwa na mafuta hausemi uongo."

Waridi akacheka. Mwalimu akakaa juu ya kigoda, akasema. Kulikuwa na chuo cha wakunga, cha misheni, kule Kilangala milimani. Kuingia kunataka cheti cha darasa la sita, na Azza hana. Lakini chuo kina mlango mwingine. Bibi mmoja wa Ulaya alifiwa na mwanawe vitani huku kwetu. Amelipia nafasi za watoto wa wapagazi waliokufa. Mtoto wa namna hiyo haulizwi cheti. Anaulizwa maswali kwa mdomo, na mwalimu anamdhamini.

"Nimekwisha kumdhamini," alisema Clotilda. "Wamemkubali. Lori linaondoka Jumatatu baada ya wiki mbili."

Mwaka uliopita alimshikia taa rafiki yake Zeina, jirani, akijifungua. Mkunga alikuwa ameitwa Buguruni. Azza alishika taa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akashika mkono wa Zeina, mpaka mkono wa Zeina ukaacha kumshika. Tangu hapo kila akiwasha taa aliuona ule mkono, na pete yake ya fedha, umekaa juu ya mkeka kama kitu kilichosahauliwa. Hakuwa amemwambia mtu kwamba anataka kujua nini kilipaswa kufanywa usiku ule. Alikitaka hicho kuliko mume, kuliko dhahabu.

"Na ubaya wake?" akauliza Waridi. "Kila kitu kina ubaya wake, mwalimu. Useme kabla hujameza."

Clotilda akajifuta vidole. "Sitakuficha. Wanaoingia kwa mlango huo mwaka wa kwanza ni wa kujaribiwa. Wenzao wakiwa darasani wao wanafua mashuka ya wanawake waliozaa. Wako waliorudishwa. Wale wa cheti wanawaita watoto wa mizigo. Na ada si bure yote. Nusu ni ya mzazi."

"Na kitu kingine," akasema, na hapo akamtazama Waridi na kuacha kutafuna. "Ni watoto wa waliokufa. Mwenye nafasi anataka neno la Liwali kwamba baba amekufa. Jina lake linaandikwa ubaoni, kwenye ukuta wa bweni, pamoja na wengine. Jina la Mwinyimvua."

Nyuma yao, ndani ya soko lililokuwa limejaa kelele za watu, Azza akasikia mzigo unatuliwa. Puu. Aligeuka. Alikuwa mchukuzi na gunia lake la viazi. Lakini mkono wake ulibaki umeshika ukingo wa tenga kwa muda mrefu.

Waridi akamfungia mwalimu vitumbua vingine kwenye jani la mgomba, ingawa hakuviomba. "Tutafikiri," alisema.

*

Kufikiri kwenyewe kulifanywa na mtaa mzima. Ukitaka siri Kariakoo, usinunue vitumbua.

"Mwari hajazaa, leo aje aniambie mimi sukuma?" alisema mwanamke mmoja kisimani, na wenzake wakapiga makofi kwa kucheka. "Atajuaje pa kusukuma?"

"Akirudi atakuwa anaitwa Maria."

"Hata huyo Maria ana cheti. Huyu anaingia kwa mlango wa nyuma, kama kuku."

Azza alijaza mtungi wake, akajitwika, akaondoka bila kumwaga. Alipofika uani akaanza kupima moyoni kama mtu anayepima mchele. Upande huu: kurudi darasa la tano na watoto wadogo, miaka miwili tena, na nani atamruhusu? Upande ule: kufua mashuka mwaka mzima, kuitwa mtoto wa mizigo, kurudishwa pengine, na aibu ya kurudi ni kubwa kuliko aibu ya kutokwenda. Na akifaulu, je, wanawake hawa hawa watamfungulia mlango? Halafu akakumbuka pete ya Zeina, na upande ule ukawa mzito.

Lakini ada. Waridi hakuwa na dhahabu. Alikuwa na nyumba, na katika nyumba chumba kimoja kinachoweza kupangishwa. Kila mtu alikijua hicho chumba. Hakuna aliyethubutu kukitaja, isipokuwa Champaben.

Champaben alikuwa Mhindi, Baniani, mwenye duka la nguo pembeni mwa mtaa. Alikuwa mjane tangu ujana, na daima alivaa sari nyeupe, mikono mitupu bila bangili. Yeye na Waridi walizozana kila siku kwa miaka, na siku wasipozozana wote wawili walishinda na huzuni.

"Fundi wangu wa cherehani anataka chumba," alisema, akikunja kanga. "Mtu safi, hanywi, halali ovyo. Wewe una chumba, amelala nani? Kanzu!"

"Mwenye chumba yuko njiani."

"Njiani, njiani. Wewe Waridi unavaa rangi zote, nyekundu, manjano, kama bibi arusi. Mimi tazama." Akaivuta sari yake. "Watu walinicheka sana. Lakini siku ile mume wangu alipokufa walikuja wote. Walisema pole mpaka masikio yangu yakachoka. Nikalala. Nikaamka. Nikafungua duka. Wewe hujalala bado."

Azza, aliyekuwa akichagua uzi, alimtazama mama yake akitaraji jibu kali. Waridi alikuwa ameshika jora la bafta, ile nguo nyeupe nyembamba, anaisugua kwa kidole gumba. Akaiachia, akasema uzi ni ghali, wakaondoka.

Jioni ile Seifu akaja. Alikuwa kuli wa bandarini, mabega mapana, na kwa ada yake hakuingia ndani. Alikaa barazani, mgongo kwenye ukuta wa chumba cha kaka yake. Azza akamletea kahawa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Akanywa. "Nimesikia. Jina la Mwinyimvua kwenye ukuta wa kanisa."

"Ukuta wa bweni, baba mdogo. Si wa kanisa."

"Ukuta ni ukuta. Ukimwandika kwenye ukuta wa wafu, akija atakaa wapi? Nilimwacha anapumua, Azza. Macho yake yalikuwa wazi. Alinitazama. Nami nikanyanyua mzigo." Akakitua kikombe. "Mimi nikisema mbele ya Liwali kwamba kafa, nitakuwa nimemwacha mara ya pili."

Adhana ikaanza, na wote wawili wakasikia ndani maji yanamiminwa kwenye kopo.

*

Hata hivyo walikwenda kwa Liwali. Mwalimu Clotilda aliwasindikiza hadi mlangoni, akabaki nje na mwavuli wake. Liwali alikuwa mtu mzima mwenye sauti ndogo. Aliwasikiliza mpaka mwisho huku anazungusha tasbihi.

"Mume aliyepotea muda huu wote," alisema, "sheria inaniruhusu kumhukumu kuwa amekufa. Hata mashahidi sina haja nao. Lakini sihukumu mpaka mke aombe kwa kinywa chake. Mama, unaomba?"

"Nataka mtoto asome, bwana," alisema Waridi.

"Sikukuuliza mtoto. Unaomba nimhesabu mumeo katika waliokufa, ukae eda, watu wamsomee?"

Waridi alifungua mdomo. Azza, aliyesimama nyuma yake, aliona kisogo cha mama yake, mishipa imesimama, na akaona kichwa kinageuka. Waridi alimgeukia binti yake, akamtazama usoni kwa macho ya mtu anayeuliza ruhusa. Azza akadhani anaombwa huruma. Akainamisha uso.

Waridi akafunga mdomo.

"Basi yu hai," alisema Liwali kwa upole. "Nendeni. Siku utakayoomba mlango uko wazi."

Walipofika Mnazi Mmoja jirani mmoja aliwakuta, akauliza kama kawaida, "Mama Azza, hajafika?" Na Azza akasikia mama yake akijibu, kwa mara ya kwanza kwa kuchelewa, "Bado."

Jioni ile Azza alikwisha kuamua. Alimkuta mama yake jikoni anapuliza moto, akasema haraka kabla sauti haijamsaliti: "Mama, sikitaki tena hicho chuo. Cha mlango wa nyuma. Nikafue mashuka ya watu niitwe mtoto wa mizigo? Mwambie mwalimu ahsante."

Waridi aliendelea kupuliza. Moshi uliwaingia wote machoni, kwa hiyo hapana aliyejua mwenzake analia nini.

"Hukitaki," alisema Waridi.

"Sikitaki."

"Haya."

Akainuka, akachukua kopo la bluu, akalijaza.

*

Alfajiri ya siku ya pili Azza aliamka kama alivyoamka siku zote, kabla ya mama yake, akatembea ukumbini kwa ncha za vidole. Kulikuwa na kiwingu cha mwanga mlangoni, si usiku tena wala si asubuhi. Alipiga magoti kizingitini pa chumba cha baba yake, akafunua kawa, akainua kopo ili akamwage kidogo shinani mwa mpapai.

Kopo lilikuwa jepesi.

Aliligeuza. Hakikudondoka kitu. Lilikuwa kavu hadi chini, na kwenye mdomo wake, pale palipobanduka rangi, palikuwa na unyevu wa mdomo wa mtu.

Miaka yote ile ni yeye aliyekuwa baba yake. Ni yeye aliyekunywa kwa niaba yake, na hakuogopa kamwe, maana anaogopaje mtu mchezo wake mwenyewe? Sasa aliogopa. Mlango wa chumba, uliokuwa ukifungwa kwa komeo, ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Ndani mlikuwa na mtu anapumua. Pumzi nzito, za mtu aliyetembea.

Likamtoka neno la sokoni, lile la alfajiri, lenyewe tu.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu."

Ilikuwa sauti ya mama yake.

Azza akasukuma mlango. Waridi alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba, kitanda ambacho hakuna aliyekikalia tangu Azza azaliwe. Alikuwa amevaa bafta nyeupe, mpya, bado ina mikunjo ya jora. Kanzu haikuwa msumarini. Ilikuwa mapajani mwake, imekunjwa. Makubadhi yalikuwa yamegeuzwa. Yalielekea mlangoni.

"Umenitisha, mama," alisema Azza. "Maji..."

"Nimeyanywa mimi. Yote. Nilikuwa na kiu."

Azza akaketi sakafuni pale pale. Waridi akalaza kiganja juu ya kanzu.

"Nilikuona, unajua. Ulikuwa mdogo, kanga yako inaburuta. Nilikuwa nimeamka, nikakuona kwenye upenyo wa mlango unamwagia mpapai. Nikasema moyoni, maskini mwanangu, anataka baba. Anataka awe anakuja. Basi nami nikaimba siku ile ujue amekuja. Na kesho yake nikayajaza tena, kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?" Azza alimkodolea macho. "Mimi nilimwaga kwa ajili yako! Uso wako..."

"Uso wangu. Ulidhani ni wa mtu anayengoja. Ulikuwa wa mfiwa."

"Na kwa Liwali? Uligeuka ukanitazama."

"Nilikuwa nakuuliza. Nilitaka uniambie omba. Wewe ukainama, nikaona, loo, nitamuua baba wa mtu mbele ya macho yake. Halafu jana jikoni ukasema hukitaki chuo, na mimi nimekuzaa, Azza. Najua unavyosema uongo. Unasema haraka."

Hatua zikasikika barazani. Alikuwa Seifu, aliyepita kila alfajiri kunywa uji kabla ya kwenda bandarini. Aliona mlango wa chumba uko wazi, na kwa mara ya kwanza tangu arudi vitani akavuka kizingiti cha nyumba ile bila kuitwa. Akamwona shemeji yake katika nguo nyeupe.

"Shemeji. Nani kafa?"

"Kaka yako."

Seifu akashika mwimo wa mlango. "Nilimwacha anapumua."

"Najua," alisema Waridi, bila ukali. "Ulimwacha anapumua, nawe ulikuwa na mizigo miwili na bakora mgongoni. Hukumwacha kwa kutaka. Mimi ndiye niliyeendelea kumpumulia, Seifu. Tangu siku ile uliyorudi. Nimechoka. Tua na wewe."

Yule mtu mzima mwenye mabega ya kuli akashuka kwa mgongo hadi sakafuni, taratibu, kama anavyoshuka mtu mwenye gunia kichwani anayeogopa kulipasua. Akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Asubuhi hii tunarudi kwa Liwali," Waridi aliendelea. "Chumba nimempa fundi wa Champaben, jana jioni nilikwenda kwake kuchukua bafta. Hakunitoza, akasema nikilipa ataniita adui. Wewe Azza Jumatatu unapanda lori. Ila niambie sasa, na usiseme haraka. Unataka kwenda? Mlango wao una aibu, mwaka wa kwanza ni wa kufua, mtaa utacheka. Unataka?"

Azza alitazama makubadhi yaliyoelekea mlangoni. Akavuta pumzi mpaka zikatulia.

"Nataka, mama. Kwa mlango wowote. Tangu Zeina."

"Basi."

Nje kulianza kuchangamka. Mtu alipita na mkokoteni, mwingine akaita mwenzie. Jirani mmoja mwenye sauti nyembamba akasimama barazani, akauliza kwa kupita tu, bila kutaraji jibu jipya, "Mama Azza, hajafika?"

Azza akasogea kwa magoti mpaka kitandani, akashika mkono wa mama yake, ule uliokuwa juu ya kanzu. Ulikuwa wa moto, na ulimshika na yeye pia.

"Na wewe, mama?" aliuliza. "Miaka yote hii. Wewe ulikuwa unataka nini?"

Waridi akatazama dirisha, kisha Seifu pale chini, kisha binti yake. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya misibani, ile kubwa iliyowapita wenye maiti. Ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba kitu kidogo dukani.

"Nilitaka kuambiwa pole."